Mafuta Yakimwagika Chongoleani, Nani Atapiga Simu ya Kwanza?

Ninyi nyote mnaotusikiliza, kuanzia Jasini na Moa kule mpakani mpaka Kipumbwi na Mkwaja upande wa Pangani, wavuvi mlioingia alfajiri hii na sasa mko mwaloni mnangoja mnada, na mama zetu mnaokaanga samaki huku redio iko dirishani: mazungumzo ya leo yanawahusu ninyi, pengine kuliko mtu mwingine yeyote.

Leo tunazungumza juu ya mafuta ghafi. Mradi wa bomba mnaujua. Tangu ile tarehe 5 Agosti 2017, hayati Rais Magufuli na Rais Museveni wa Uganda walipoweka jiwe la msingi pale Chongoleani, habari zake hazijatoka masikioni mwetu. Bomba linaanzia Hoima, linaingia nchini kwa mkoa wa Kagera, linapita mikoa minane, na safari yake ya kilomita 1,443 inaishia hapa kwetu, kwenye rasi ya Chongoleani. Mwisho wa safari hiyo ni matangi ya kuhifadhi mapipa milioni 2, na gati lenye urefu wa kama kilomita mbili linaloingia baharini ili meli kubwa zije kupakia. Wenye mradi ni wanne: TotalEnergies ya Ufaransa, ambayo ndiyo yenye hisa nyingi zaidi, shirika la mafuta la Uganda, TPDC, shirika la mafuta la kwetu wenyewe, na CNOOC ya China.

Sasa, naomba tuelewane mapema. Sikuja kubishana kama bomba lijengwe au lisijengwe. Mjadala huo umefanyika, na bado unafanyika mahakamani na mabungeni hata huko Ulaya. Mimi leo nina swali moja tu, na nitalirudia, ili hata atakayezima redio katikati ya mazungumzo abaki nalo. Mafuta yakimwagika, nani atapiga simu ya kwanza? Atampigia nani? Na mvuvi wa Ndaoya atapata habari saa ngapi?

Mtaniuliza, mbona unatuombea mabaya? Siombi mabaya, wasikilizaji. Nauliza kwa sababu nimefuatilia habari za mafuta kumwagika katika nchi za wenzetu, za mbali na za jirani, na kila mahali nimekuta malalamiko yanayofanana. Ajali yenyewe watu wengi waliikubali. Chombo huharibika, bahari huchafuka, nahodha hukosea. Kilichowachoma roho ni yaliyofuata baada ya ajali. Kimya. Ahadi. Takwimu za leo zinazokanushwa kesho. Na kila ofisi kuitupia ofisi nyingine.

Tuanze na Morisi. Kisiwa hiki kiko katika bahari yetu hii hii ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Tarehe 25 Julai 2020, meli kubwa iitwayo Wakashio ilipanda mwamba wa matumbawe upande wa kusini-mashariki mwa kisiwa. Mwenye meli alikuwa kampuni ya Kijapani, aliyeikodi alikuwa kampuni nyingine ya Kijapani, bendera ilikuwa ya Panama, na nahodha Mhindi. Haikuwa na shehena, lakini ilikuwa na tani karibu 4,000 za mafuta ya kuendeshea mitambo yake. Imekwama pale juu ya mwamba, watu wanaiona kwa macho wakiwa ufukweni. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wananchi wanauliza, mafuta yale yatatolewa lini? Wanaambiwa wataalamu wanakuja, bahari imechafuka, hali inafuatiliwa. Siku kumi na mbili zikapita. Tarehe 6 Agosti meli ikaanza kuvuja, na siku iliyofuata ndipo serikali ikatangaza hali ya dharura ya mazingira.

Siku kumi na mbili, ndugu zangu. Hasira ya watu wa Morisi ilizaliwa ndani ya siku hizo, kabla hata tone moja halijagusa maji.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana kuna jambo walilofanya wale watu ambalo kila mwanapwani anapaswa kulijua. Mafuta yalipoanza kuingia upande wa ndani wa mwamba, wananchi wa mji wa Mahébourg hawakungoja. Morisi ni nchi ya miwa, kwa hiyo walikusanya majani makavu ya miwa. Wakashona vitambaa na nyavu kuwa mifuko mirefu myembamba, wakaijaza majani yale, wakafunga chupa tupu za plastiki ili ielee. Wazee wanashona, vijana wanajaza, wavuvi wanavuta kwa boti kwenda kuyazunguka mafuta. Walifanya kazi usiku na mchana, mikono na miguu imekuwa myeusi, harufu inaumiza kichwa. Wengine wakanyoa nywele na kuzitoa, kwa sababu nywele hunasa mafuta. Wakatengeneza maboya ya mamia ya mita. Serikali ikawaambia waondoke wawaachie wenye mamlaka kazi hiyo. Wengi hawakuondoka.

Meli ikakatika vipande viwili katikati ya Agosti. Mafuta yaliyoingia baharini yanakadiriwa kuwa tani 1,000. Baadaye kidogo, mizoga ya pomboo na nyangumi wadogo ikaanza kuonekana ufukweni, na watu wakadai waambiwe ukweli kuhusu kilichowaua. Tarehe 29 Agosti, makumi ya maelfu waliandamana mjini Port Louis, wengi wamevaa nguo nyeusi. Kwa nchi yenye watu milioni moja na ushei, hesabuni wenyewe uzito wake. Walikuwa wanauliza lile lile ninalouliza leo: nani alijua, alijua saa ngapi, na alifanya nini?

Tuondoke Morisi, turudi karibu. Tena karibu sana, kwa majirani zetu wa Kenya.

Mwezi Mei 2015, katika kaunti ya Makueni, eneo la Kibwezi, bomba linalopeleka mafuta kutoka Mombasa kwenda Nairobi lilivuja. Bomba hilo lilianza kazi mwaka 1978, na mwenyewe ni Kenya Pipeline, ambayo wakati huo ilikuwa kampuni ya serikali. Mafuta yakaingia ardhini, yakaingia mto Thange. Mto Thange ni mto mdogo. Lakini ndimo wakazi walimokuwa wakichota maji ya kunywa, wakinywesha ng'ombe na mbuzi, wakimwagilia mboga na matunda ya kupeleka sokoni. Visima vikanuka mafuta. Mashamba yakakauka. Watu wakalalamika kuumwa. Kampuni ikafanya usafi, ikagawa maji, ikafanya mikutano, ikaahidi fidia. Wananchi wakaona hakuna kinachofika mwisho. Wakaenda mahakamani.

Mnajua hukumu ilitoka lini? Julai 2025. Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Makueni iliamua wakazi zaidi ya 3,000 walipwe, kwa jumla, shilingi bilioni 3.8 za Kenya. Walishinda, ndiyo. Lakini mtoto aliyezaliwa mwezi ule bomba lilipovuja, siku ya hukumu alikuwa na miaka kumi. Utoto wake wote amekulia kando ya mto ambao mama yake alimkataza kuugusa.

Naomba tusimame hapa Thange kidogo, kwa sababu kuna jambo linalotugusa moja kwa moja. Mwenye bomba lile alikuwa nani? Kampuni ya serikali. Na wa kumchunguza mwenye bomba alikuwa nani? Mamlaka ya serikali. Mwananchi wa Thange alikuwa anakwenda kumshitaki mtu kwa ndugu yake. Sasa turudi Chongoleani. TPDC, kwa niaba yetu sisi Watanzania, ina asilimia 15 ya mradi. Ni jambo la kujivunia kwamba nchi haikubaki mtazamaji. Lakini maana yake ni kwamba siku ya tatizo serikali itakuwa upande wa mwenye mali, na papo hapo itakuwa mwamuzi. Nani atasimama upande wa mvuvi? Simtuhumu mtu yeyote. Nasema jambo hili lina mtego ndani yake, na mtego hukaguliwa kabla mtu hajakanyaga.

Ghuba ya Meksiko nitaipitia haraka. Aprili 2010, mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon, uliokuwa ukifanya kazi kwa ajili ya BP, ulilipuka. Wafanyakazi 11 walikufa na kisima kikavuja siku 87. Mwanzoni wananchi waliambiwa yanavuja kama mapipa 1,000 kwa siku. Ikapanda ikawa 5,000. Mwishowe wataalamu wakakadiria makumi ya maelfu ya mapipa kwa siku. Na hiyo ni Marekani, wasikilizaji, yenye kila chombo na kila mtaalamu. Mvuvi wa kamba wa Louisiana alijifunza kutoamini namba yoyote anayotajiwa asubuhi.

Haya, sasa tuje nyumbani.

Bahari yetu mnaijua kuliko mimi. Kwa hiyo nitauliza na ninyi mnijibu huko mliko. Mafuta yakimwagika Chongoleani wakati wa kusi, yatakwenda wapi? Nimeshawasikia: kaskazini. Upepo unasukuma kaskazini na mkondo wa bahari nao unakwenda kaskazini. Kwale, Boma, Moa, Jasini, kisha Vanga na Wasini, ambako ni Kenya. Na kaskazi ikivuma? Hapo mkondo hupungua nguvu, upepo ukageuka, na hatari ikaanza kuangalia Sahare, bandari ya Tanga mjini, Mwambani, Tongoni, Kigombe. Na siku upepo ukiamua mengine, Pemba ipo hapo ng'ambo ya mkondo. Pemba ina mamlaka yake ya mazingira na mamlaka yake ya bahari, za Zanzibar. Vanga ina mamlaka za Kenya. Mafuta hayajui mpaka wa Horohoro.

Swali la pili: bamvua au maji mafu? Mafuta yakija wakati wa bamvua, ambapo maji ya kwetu hupanda zaidi ya mita tatu, yataingia mpaka ndani kabisa ya mikoko. Maji yakipwa, mafuta yatabaki yameshikamana na mizizi ya msinzi na mchu, mle mnamozaliwa kamba na kaa na vifaranga vya samaki. Mikoko hupumua kwa mizizi ile inayochomoza kwenye tope. Ukiifunika kwa mafuta, umeiziba pumzi. Mombasa waliyaona mwaka 1988, mafuta yalipoingia mkono wa bahari wa Makupa na mikoko ikafa. Na ndani ya mikoko huwezi kupeleka mtambo wala koleo. Mara nyingi ukiingia na miguu yenyewe unayasukumiza mafuta chini ya tope na kuharibu zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Mmewahi kuona mafuta ya nazi yalivyoganda chupani asubuhi ya baridi? Basi mafuta haya huganda hata kwenye joto letu la kawaida. Ndiyo sababu bomba lote linapashwa moto, kwenye nyuzi 50 hivi, njia nzima kutoka Hoima. Sasa yakiingia katika maji ya bahari, ambayo hayafikii joto hilo hata Februari, yataganda na kuwa mabonge. Mabonge huelea, husafiri mbali, na hukamatwa na nyavu. Kemikali za kuyavunja mafuta hazifanyi kazi vizuri kwa mafuta ya namna hii, na mitambo ya kunyonya mafuta mepesi hupata shida. Kwa hiyo mtu akija kutuambia vifaa vipo, tumuulize vifaa gani? Vya mafuta ya aina gani? Vimehifadhiwa wapi, Tanga au Dar es Salaam?

Na ndani ya bahari hii hii tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009. Ilitangazwa kwa ajili ya silikanti, samaki ambaye wanasayansi wa dunia waliamini ametoweka tangu enzi za mamilioni ya miaka, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Kigombe na jirani zao walianza kumpata kwenye nyavu zao miaka ya 2003 na 2004. Dunia nzima inakuja kumtafuta kwetu. Mvuvi wa Kigombe amekatazwa baadhi ya nyavu na baadhi ya maeneo kwa ajili ya samaki huyo, na wengi wametii. Mtu aliyeambiwa aache kutupa wavu ili kuilinda bahari ana haki kamili ya kuuliza aliyeruhusiwa kuleta meli ya mafuta ameambiwa nini.

Turudi kwenye swali letu. Nani atapiga simu ya kwanza?

Hesabuni nami ofisi. Bandari iko chini ya TPA. Usalama wa meli na uchafuzi unaotoka melini unasimamiwa na TASAC, ambayo pia ndiyo mratibu wa mpango wa taifa wa kukabiliana na umwagikaji wa mafuta baharini. Mazingira ni NEMC. Bomba lenyewe linadhibitiwa na EWURA. Hifadhi ya bahari ina kitengo chake. Maafa yana kamati yake ya mkoa na ya wilaya. Uvuvi una afisa wake halmashauri. Na kampuni ya bomba ina watu wake wa usalama. Kila mmoja ana kazi halali, sikatai. Mipango imeandikwa, mazoezi hufanyika. Lakini mpango ule ukiwa kwenye kabati la ofisi Dar es Salaam, umeandikwa kwa Kiingereza, mama wa pale kijijini Putini anayelima mwani atajuaje kwamba asubuhi hii asishuke pwani? Mwani ukiguswa na mafuta haukaushwi, haununuliwi. Ni mavuno yote yameondoka. Saa mbili za kujua mapema zingemwezesha kukata kamba na kuokoa angalau sehemu.

Ndiyo maana nasema simu ya kwanza. Vijiji vingi vya pwani vina vikundi vya BMU, wale walinzi shirikishi wa rasilimali za bahari. Wana mwenyekiti, wana katibu, wana simu. Kwa nini simu hizo zisiwe za kwanza kwenye orodha? Mvuvi aliyeko majini saa tisa ya usiku ndiye atakayenusa mafuta kabla ya mtambo wowote. Huyu anampigia nani? Leo hii, mvuvi wa Sahare akinusa harufu isiyo ya kawaida, anayo namba ya kupiga? Mzee mmoja mwaloni alinijibu swali hilo kwa kunionyesha simu yake ndogo ya vitufe, akasema, "Ninayo ya dalali na ya fundi injini." Akanyamaza, na mimi sikuwa na la kuongeza.

Tuje kwenye fidia, na hapa mwenye kalamu achukue kalamu. Kisheria, ni lazima kwanza kujua mafuta yametoka wapi. Yakitoka kwenye meli ya kubeba mafuta, Tanzania ni mwanachama wa mfuko wa kimataifa wa fidia, wenye makao yake London. Kwanza hulipa bima ya mwenye meli, na ikipungua, mfuko unaongezea. Mfuko huo umewahi kulipa maelfu ya wavuvi wadogo kule Guimaras, Ufilipino, baada ya meli ya Solar 1 kuzama mwaka 2006. Wavuvi wa mitumbwi kama ya kwetu. Lakini yakitoka kwenye meli isiyo ya mafuta, kama ile Wakashio, mfuko huo hauhusiki, na kiwango kinachoweza kudaiwa ni kidogo zaidi. Na yakitoka kwenye bomba au kwenye tangi la nchi kavu, hapo tunarudi kwenye sheria zetu za ndani na mikataba iliyosainiwa na wenye mradi. Sheria yetu ya Mazingira ya mwaka 2004 inasema mchafuzi ndiye mlipaji. Ni maneno mazuri. Watu wa Thange nao walikuwa na maneno mazuri katika sheria zao.

Na popote utakapodai, utaulizwa swali moja: ulikuwa unapata kiasi gani kabla ya mafuta? Utajibu nini, mzee wangu? Utasema tulikuwa tunapata vizuri? Utasema Mungu alikuwa anajalia? Wanaokaa upande wa pili wa meza watakuja na mwanasheria na karatasi. Watasema samaki walishapungua zamani, mikoko ilishakatwa, mwani ulishaugua. Na wewe huna hata daftari.

Daftari, wasikilizaji. Daftari la shule la kurasa 48. Kila siku andika: tarehe, chombo gani, mlikuwa wangapi, mmevua wapi, changu kilo ngapi, tasi kilo ngapi, pweza wangapi, mmeuza kwa bei gani. Mama unayekaanga, andika umenunua kwa ngapi na umeuza kwa ngapi. Mkulima wa mwani, andika kamba ngapi na kilo ngapi kavu. BMU wapige muhuri kila mwisho wa mwezi. Na vijana wenye simu za kamera, pigeni picha mikoko yenu, fukwe zenu, mashamba yenu ya mwani, leo yakiwa safi, na picha zihifadhiwe zikiwa na tarehe. Na mjue pia kwamba katika mfuko ule wa kimataifa, madai yana muda. Ni miaka mitatu tangu hasara itokee, na baada ya miaka sita tangu ajali yenyewe hakuna tena kufungua shauri. Kule Makueni ilichukua miaka kumi tangu bomba livuje mpaka hukumu kutoka.

Najua mnachofikiri. Mnafikiri, tutaandika, tutapiga picha, tutalalamika, na hakuna atakayesikia. Sitawadanganya kwamba hofu hiyo haina msingi. Kuna wananchi wa njia ya bomba ambao ardhi yao ilithaminiwa mwaka 2018, wakakaa miaka wanangoja fedha, na katika muda huo hawajui kama wapande mkorosho mpya au wasipande. Lakini kumbukeni baruti.

Kwa miaka mingi pwani ya Tanga ilikuwa inalipuliwa na wavuvi wa baruti. Watu wa Mwambani na Kigombe mlikuwa mnausikia mshindo asubuhi kweupe. Matumbawe yanasagika, samaki wanaelea, na mtu akiripoti anaulizwa ushahidi uko wapi. Wengi tukaamini haitakoma. Kisha serikali ikaunganisha vyombo vyake kwenye kikosi kazi kimoja, wakafuatilia hata waliokuwa wanauza vilipuzi, na kati ya 2016 na 2018 mshindo ukapungua sana. Bahari ile ile, wavuvi wale wale, sheria zilikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwenye madaraka aliamua jambo hili ni lake. Kwa hiyo nakataa kuambiwa haiwezekani. Inawezekana, na Tanga tumeiona kwa macho.

Tofauti ni kwamba baruti ilitupa miaka ya kulalamika. Mafuta hayatatupa miaka. Yatatupa saa.

Basi ninaomba nini? Wenyeviti wa mitaa na vijiji, madiwani, na wabunge wetu, naomba mwite mkutano pale Chongoleani, na mwingine Moa, na mwingine Kigombe, kabla meli ya kwanza haijapakia. Kampuni ije, TASAC waje, NEMC waje, Bandari waje. Wasije na video ya mradi. Waje na karatasi moja kwa Kiswahili, ya kubandikwa kwenye kila mwalo, inayosema: ukiona mafuta, piga namba hii, mchana na usiku. Atakayepokea ni fulani. Ndani ya saa moja atafanya hivi, ndani ya saa sita hivi. Maboya ya kuzuia mafuta yako ghala fulani, na waliofundishwa kuyatandaza katika kijiji hiki ni hawa, kwa majina. Kipande kipi cha mikoko kitazibwa kwanza, Ndaoya au Sahare? Maana vifaa havitatosha kuziba kote, na afadhali tuchague pamoja sasa kuliko mtu mmoja atuchagulie usiku wa ajali. Wavuvi walipwe kwa siku za mazoezi, maana siku ya mazoezi ni siku bila samaki. Na atakayepima maji, awe mtu asiye na hisa kwenye bomba. Vyuo vyetu vikuu vina wataalamu wa bahari, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ipo. Waanze kupima sasa, maji yakiwa safi, na majibu yasomwe hadharani.

Kwa wakubwa mnaotusikiliza maofisini, nawaambia kwa heshima zote: kipindi hiki kina nafasi yenu. Njooni mjibu maswali hayo kwa namba ya simu na jina la mtu wa kuipokea. Namba hiyo tutaisoma hewani kila asubuhi baada ya habari za kupwa na kujaa kwa maji, mpaka kila mvuvi kuanzia Jasini hadi Mkwaja awe nayo kwenye simu yake, chini ya ile ya dalali.